Kabla hujanunua wufa nyingine, jua ya zamani imeuawa na nini

Spika ya sebuleni ikianza kukoroma, wengi hapa Mwanza tunajua njia moja tu: unashuka mjini, unapinda Makoroboi, unamwonyesha muuzaji kipimo kwa viganja, "ya inchi nane hivi, kaka," unalipa, unarudi kuifunga. Wiki ya tatu uko mbele ya meza ileile unaulizia ya pili. Wufa, ile spika kubwa ya besi ndani ya boksi, haijifii. Imeungua, imechanika au inasugua kwa sababu fulani, na sababu hiyo kama bado imekaa kwenye amplifaya au ndani ya boksi, mpya itafuata njia ya mwenzake. Bisibisi imo kwenye maelezo haya, ila inakuja baadaye.

Kwanza hakikisha mgonjwa ni spika. Zima amplifaya, badilisha waya za spika nyuma yake, ya kulia iende kushoto na ya kushoto iende kulia, kisha washa kwa sauti ndogo. Ikikoroma spika ileile, kasoro iko kwake au kwenye waya wake. Ikikoroma ile iliyokuwa nzima, basi upande huo wa amplifaya ndio mbovu na hakuna wufa itakayoutibu. Kuna hali moja ambayo hutakiwi kubadilisha pande kabisa: kama wufa ilitoa harufu ya kuungua. Hapo pima amplifaya kwanza (nimeeleza chini), usije ukaunguza na ya pili.

Sasa toa kitambaa cha mbele na uiguse. Panga vidole vya mikono yote miwili kuizunguka kofia ya katikati, kwa umbali sawa, sukuma koni (ile karatasi au plastiki pana inayotetemeka) taratibu milimita chache, iachie. Nzima huingia na kurudi kimya. Mbovu inatoa sauti ya mchanga chini ya ndala: hiyo ni koili, waya uliozungushwa nyuma ya koni, inasugua kwenye sumaku. Ila usisukume upande mmoja. Nafasi inamochezea koili kwa kawaida haifiki nusu milimita kila upande, kwa hiyo ukibonyeza kombo hata wufa mpya ya dukani itakwaruza, na utaisingizia.

Kisha chukua mita, weka kwenye omu 200, fungua wufa (namna ya kuitoa iko chini, kwenye bisibisi), chomoa waya zake ili krosova, ile sakiti ya ndani ya boksi inayogawa sauti kati ya wufa na twita, spika ndogo ya sauti za juu, isikudanganye, pima kwenye pini zake. Wufa iliyoandikwa omu 8 haisomi 8. Inasoma kati ya 5.5 na 7, kwa sababu mita inapima ukinzani wa waya tu, ilhali ile 8 ni ukinzani wa jumla muziki unapopita. Ya omu 4 husoma 3 na ushee. Mita isiposoma chochote, kuna mahali pamekatika, na kabla ya kuilaumu koili angalia zile nyuzi mbili laini zilizosukwa zinazotoka kwenye koni kwenda kwenye pini. Hukatika palepale kwenye pini, mahali zinapojikunja kila besi inapopiga, na dalili yake ni spika inayokata na kurudi ukiigonga. Hiyo ni kazi ya dakika kumi na tone la risasi; hata nyuzi za kutoka kwenye wufa mfu zinafaa. Ukisoma omu 1 au 2 kwenye wufa ya omu 8, tahadhari: mizunguko ya koili imeungana kwa joto. Bado inaweza kutoa sauti, lakini ikiendelea inamalizia na amplifaya.

Kwa hiyo vifo viko vya aina tatu, na kila kimoja kina muuaji wake.

Cha kwanza ni uzee. Ule ukingo wa sponji unaoshika koni na fremu huoza. Unyevu, jua na miaka vinaugeuza kuwa kitu kama mkate mkavu. Ukiugusa unabaki na unga mweusi kidoleni. Sponji kwa kawaida haivuki miaka kumi na tano au ishirini, na nyumba zilizo karibu na maji, Kirumba au Capri Point, zenye upepo wa ziwani unaoingia kila jioni, hazirefushi umri huo. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Hapa muuaji hayuko kwenye amplifaya, na wala huhitaji wufa mpya.

Cha pili ni kuchanika au koili kugonga mwisho. Hicho ni kifo cha besi iliyopitiliza. Kitufe cha besi ukikiongeza desibeli 10, umeiambia amplifaya itoe nguvu mara kumi kwenye sauti hizo za chini. Siyo mara mbili, mara kumi. Tena boksi lenye bomba la hewa lina udhaifu wake: chini ya sauti ambayo bomba limepimiwa, hewa ya ndani haiishiki tena koni, nayo koni inapepea kama bendera. Muziki wa kisasa una besi nyingi za huko chini ambazo spika ndogo haizitoi hata uifanyeje. Unachopata ni koni inayoruka na sauti hakuna.

Cha tatu ndicho kinachorudia rudia: kuungua. Koili ni waya mwembamba uliozungushwa kwenye mrija wa karatasi au alumini, na sehemu kubwa ya umeme inaoupokea huishia kuwa joto. Kinachoiunguza ni amplifaya iliyobanwa hadi mawimbi yake yanakatwa vichwa, na hapa umeme wetu una mkono wake. Amplifaya nyingi za nyumbani zenye transfoma ya kawaida hutegemea umeme wa ukutani moja kwa moja. Jioni kila nyumba inapowasha pasi na jiko, volti 230 zikashuka hadi 180, nguvu inayoweza kutoka hushuka kwa kipeo cha pili cha hesabu hiyo: wati 100 zinakuwa kama 61. Mwenye nyumba anasikia muziki umelegea, anaongeza sauti. Vichwa vinakatwa, koili inachemka. Ndiyo maana spika iliyotulia mchana kutwa inafia saa mbili usiku.

Kuna muuaji mwingine wa aina hiyohiyo, mbaya kuliko wote: transista ya mwisho ya amplifaya ikifa, inaachia umeme wa moja kwa moja, kama wa betri, kwenye spika. Utaiona koni imesukumwa mbele au imevutwa ndani na imeganda hapo, moshi unafuata. Kumpima ni rahisi. Chomoa spika zote, shusha sauti hadi sifuri, washa, ngoja dakika tano, weka mita kwenye volti za DC, yaani za umeme huo wa moja kwa moja, gusa pini mbili za kila upande. Chini ya milivolti 50, salama. Ikizidi 100, peleka kwa fundi upate maelezo. Ukiona volti kamili, mbili, tano, ishirini, usifunge spika yoyote kwenye mashine hiyo hadi itengenezwe. Ningekuwa na uwezo ningemkataza muuzaji yeyote wa wufa kumpa mteja mzigo kabla hajamuuliza swali hili moja: amplifaya umeipima?

Turudi kwenye sponji iliyooza, maana watu hutupa wufa nzuri kwa sababu yake. Kama koili inasoma vizuri na koni ni nzima, badilisha ukingo peke yake. Bandua wa zamani kwa vidole, kwangua gundi iliyobaki kwenye fremu, safisha chuma kwa spiriti lakini koni ya karatasi usiilowanishe. Kwa koni ya karatasi gundi nyeupe ya mbao inafaa sana. Kwa koni ya plastiki haishiki, tumia gundi ya mpira. Gundi ile ya matone inayokauka papo hapo iache mbali: inakauka ngumu kama kioo na ukingo utakatika palepale. Gundisha kwenye koni kwanza, iache ishike, ndipo uende kwenye fremu.

Hapo kwenye fremu ndipo watu wanapoharibu. Koili lazima ikae katikati kabisa. Njia ya uhakika ni kukata kofia ya katikati kwa wembe na kuchomeka vipande vinne vyembamba vya filamu ya eksirei kati ya koili na chuma cha katikati, pande nne, ndipo ugundishe. Gundi ikikauka unavitoa na kurudisha kofia. Njia ya pili, kwa asiyetaka kukata, ni kupiga sauti ya Hz 30 (mitetemo 30 kwa sekunde) kutoka kwenye simu kupitia amplifaya, kwa sauti ndogo mno, huku unasogeza ukingo hadi mkwaruzo unapotea, kisha unaubana. Acha saa 24. Masika yakiwa yamekolea ipe siku mbili, gundi nyeupe haina haraka kwenye hewa yenye maji.

Kusuka koili upya nako kunawezekana, na mafundi wazuri wapo. Muulize maswali mawili: atatumia waya wa unene gani, na mizunguko mingapi kwa tabaka ngapi. Akijibu kwa kuangalia koili ya zamani na kuihesabu, mwachie. Akisema "nitajaza tu," chukua wufa yako. Waya ukizidi unene hata kidogo unasugua. Mizunguko ikipungua, omu zinashuka. Halafu tazama anapofanyia kazi. Kibanda kilicho ubavuni mwa watu wa grenda na uchomeleaji si mahali pa kufungulia wufa, kwa sababu vumbi la chuma linarukia kwenye sumaku na kuingia kwenye ule mwanya. Kupuliza hakulitoi. Linatolewa kwa utepe wa gundi uliokunjwa, gundi ikitazama nje, unaupitisha kwenye mwanya mara nyingi hadi utoke mweupe.

Kama koili imeungua na kusuka hakulipi, ndipo tunanunua. Omu ziwe zilezile. Hilo halina mjadala, na sababu si amplifaya peke yake. Krosova ya kawaida ina koili ya waya iliyopangwa mfululizo na wufa, na mahali inapokatia sauti panategemea omu za wufa. Koili ya milihenri 0.64 na wufa ya omu 8 hukatia karibu na Hz 2,000. Ukifunga wufa ya omu 4 hapo, inakatia Hz 1,000, na twita bado inasubiri huko juu. Katikati panabaki shimo, na shimo hilo limekaa kwenye sauti ya mtu anayeimba. Utasema spika "imekuwa ya mbali" na hutajua kwa nini. Na kwenye boksi lenye wufa mbili za omu 8 zilizofungwa sambamba, ukiweka mbili za omu 4 amplifaya inaona omu 2. Joto lake litakueleza.

Wati zilizoandikwa kwenye kibandiko, hasa za maelfu, zisome kama matangazo ya mgombea. Angalia kipenyo cha koili badala yake. Kofia ya katikati huwa inakaribiana nayo: koili ya milimita 25 ni ya wastani ya nyumbani, 38 inavumilia zaidi, 50 ni ya kazi. Ukubwa wa sumaku nao unadanganya, kwani zipo zilizovishwa ganda nene la mpira na ndani sumaku ni ndogo. Ibonyeze hilo ganda, likibonyea, unajua.

Wufa ya gari isikuvutie kwa bei. Nyingi ni za omu 4, na zimetengenezewa boksi la namna nyingine. Hali kadhalika zile za ukumbini zenye ukingo mgumu wa kitambaa chenye mikunjo: zina makelele mengi ya katikati, lakini kwenye boksi dogo la sebuleni hazishuki chini. Kila wufa ina tabia zake na boksi lake, na hesabu za kuzioanisha zipo tangu Neville Thiele wa Australia alipochapisha kazi yake mwaka 1961 na Richard Small akaiendeleza miaka ya 1970. Muuzaji wa mezani hana karatasi hizo. Basi fuata umbile: ukingo wa aina ileile, koni yenye uzito unaokaribiana, ukubwa uleule. Na kama unaisikiliza spika kweli, si ya kupigia sherehe tu, nunua mbili, ubadilishe pande zote. Ile nzima ya zamani iweke kabatini.

Pima vitatu, si kimoja: upana wa fremu kutoka ukingo hadi ukingo, upana wa tundu la boksi, na umbali kati ya skrubu zinazotazamana. "Inchi nane" ya kiwanda hiki na ya kile zinaweza kupishana milimita kadhaa. Pima na kina, sumaku isije ikagonga ubao wa ndani au bomba la hewa.

Sasa bisibisi. Laza boksi chali juu ya godoro au taulo. Piga picha ya waya. Legeza skrubu zote lakini mbili zinazotazamana ziache zimeshika nyuzi chache. Wufa iliyokaa miaka inakuwa imeganda, na kishawishi ni kuichokonoa kwa bisibisi ukingoni. Ubao ule ni unga wa mbao uliogandamizwa, utang'oka kipande. Pitisha mkono au mpini wa mwiko kwenye bomba la hewa au tundu la pini za nyuma, sukuma fremu kutoka ndani. Na muda wote bisibisi ikiwa karibu na wufa, mkono mmoja uwe juu ya koni. Sumaku inaivuta ghafla, inapasua karatasi, na wufa uliyonunua asubuhi imekufa kabla ya kulia.

Ukishafungua, angalia ndani. Nyigu hupenda sana bomba la hewa. Wanajenga humo udongo hadi wanaliziba, na boksi lililozibwa linabadilika sauti. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi nao huvutwa na taa na kufia humo kwa wingi. Panya wakikaa, wanakula pamba ya ndani na ngozi ya waya. Pamba yenyewe ikiwa imetoweka, usiijazie pamba mbichi eti Kanda ya Ziwa tunailima. Inanyonya maji, inashuka chini, inaalika wadudu. Weka nyuzinyuzi za plastiki za kujazia mito, zilizochambuliwa, na usizikaribishe kwenye mdomo wa bomba.

Waya mwenye pini pana ndio chanya, pini nyembamba hasi. Mara nyingi kuna na doa jekundu. Kama hakuna alama, tumia betri ya volti 1.5: gusa sekunde moja. Koni ikitoka nje, upande ulioguswa na chanya ya betri ndio chanya ya wufa. Ukikosea kwenye spika moja kati ya mbili, besi hufutana hewani. Wengi wamerudisha wufa dukani kwa kosa la waya mbili kupishana.

Matundu ya skrubu yasipolingana, izungushe wufa kidogo, weka alama, kisha iondoe kabisa ndipo utoboe, milimita 2.5 inatosha kwa skrubu ya 4. Tundu lililolegea jaza njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, kata usawa, acha likauke. Weka utepe wa sponji chini ya fremu, kaza skrubu kwa kutazamana, kidogo kidogo kwa zamu, kwa mkono. Mashine ya kukazia inapindisha fremu za bati, na fremu ikipinda koili inarudi kusugua.

Mwisho tafuta hewa inayovuja. Piga sauti ya Hz 40 au 50 kwa kiasi, washa kijiti cha udi, kipitishe polepole kuzunguka fremu na pini za nyuma. Moshi unapopanda wima, pako sawa. Unaporukaruka, pana mwanya. Kwenye bomba la hewa utaruka tu, huko usijisumbue. Ziba, rudia. Ndipo uweke muziki wa kawaida kwa sauti ya mazungumzo saa chache, spaida (kitambaa chenye mikunjo kinachoishika koili nyuma ya koni) ilainike, na kitufe cha besi kikae katikati. Baada ya saa moja gusa kofia ya katikati kwa kidole: ikiwa ya moto kwa sauti ndogo hivyo, zima, urudi kwenye zile milivolti.